Alama 9 kati ya 20: dodoso la usonji likitoka ng'ambo linapima nini kwetu?

Kila ikikaribia tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, makundi ya wazazi kwenye WhatsApp huchangamka. Hupita mabango ya mikutano, hupita video za madaktari, na katikati ya hayo hupita picha ya karatasi yenye maswali 20 ya ndiyo na hapana. Imetafsiriwa na programu ya simu au na mtu mwenye nia njema, na chini yake pameandikwa: "Mpime mwanao hapa." Haichukui muda majibu huanza kumiminika. Mmoja amepata 4 na anauliza kama ni nyingi. Mwingine amepata 9 na usingizi umempaa. Wa tatu amepata 1, amefurahi, ameahirisha kwenda kliniki, na huku mtoto wake ana miaka minne na hajatamka neno.

Mwaka 2025 mkanganyiko uliongezeka. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa ripoti kwamba katika maeneo inayoyafuatilia, mtoto 1 kati ya 31 wenye umri wa miaka 8 ametambuliwa kuwa na usonji. Habari ikasambaa, na swali likawa: na sisi je? Wapo waliochukua idadi ya watoto wa nchi nzima wakaigawanya kwa 31. Wapo waliosema kwetu jambo hilo halipo, ni la Wazungu. Wa kwanza wanadhani namba inasafiri yenyewe bila kuulizwa ilipatikanaje. Wa pili wanadhani kisichopimwa hakipo. Wote wamesahau kitu kimoja, nacho ni chombo kilichotumika kupima.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Huanza mapema utotoni, na huonekana katika mawasiliano, katika kuhusiana na watu, katika tabia za kurudiarudia na katika jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga, mguso au ladha. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii mwaka 1943 huko Baltimore, baada ya kuwafuatilia watoto 11. Hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kusema huyu anao na huyu hana. Mtaalamu humwangalia mtoto, hucheza naye, na huwauliza wanaoishi naye. Ndiyo maana dodoso, au hojaji kama wengi wanavyoiita Kenya, lina uzito wa pekee hapa. Kwenye malaria maswali ya daktari humpeleka mgonjwa maabara. Kwenye usonji maswali yenyewe ndiyo sehemu ya maabara.

Madodoso haya si ya aina moja, na kuyachanganya ndiko kunakoleta taharuki. Lipo la kuchuja: linawapitia watoto wengi kwa haraka ili kuwapata wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Zipo zana za utambuzi, ambazo hutumiwa na mtaalamu aliyefunzwa kwa muda mrefu. Moja inayojulikana sana, ADOS-2, ni sanduku zima la vitu vya kuchezea na miongozo linalouzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Na lipo dodoso la maisha ya familia, ambalo halikuulizi kabisa kama mtoto ana usonji. Linauliza nyumba yenu inaendeleaje. Watu hulisahau hilo la tatu, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote kulihamisha kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Karatasi inayozunguka kwenye simu kwa kawaida ni dodoso la kuchuja, liitwalo M-CHAT-R. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2001, na hili lililorekebishwa lilichapishwa mwaka 2014 baada ya kujaribiwa Marekani kwa watoto zaidi ya 16,000. Ni la watoto wa miezi 16 hadi 30. Kwa mtoto wa miaka minne halina la kusema, apate 1 au apate 15. Alama 0 hadi 2 maana yake hatari ni ndogo. Kuanzia 3 hadi 7, mhudumu anatakiwa kufanya mahojiano ya pili, swali kwa swali, kabla ya kuamua lolote. Kuanzia 8, mtoto apelekwe kwa mtaalamu moja kwa moja. Hata hapo bado si hukumu. Katika utafiti huo wa Marekani, kati ya watoto waliobaki na alama za kutia shaka baada ya mahojiano ya pili, asilimia 47.5 ndio waliokutwa na usonji. Lakini asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji wa namna fulani au jambo la kufuatiliwa. Kwa hiyo aliyepata 9 ana sababu nzuri ya kwenda kliniki wiki hii, ila hana sababu ya kuitangazia familia kwamba mtoto ana usonji.

Kuna jingine ambalo matoleo ya mtaani hulikosea sana. Katika maswali 17 jibu la kutia shaka ni "hapana". Katika matatu, la 2, la 5 na la 12, jibu la kutia shaka ni "ndiyo". Anayehesabu "hapana" zote bila kulijua hilo anapata jumla isiyo na maana yoyote.

Sasa tulishike swali hilo la 12. Linauliza kama mtoto hukerwa na kelele za kawaida, na mfano mmojawapo uliotolewa ni mashine ya kufyonza vumbi. Ukiitafsiri neno kwa neno, mama wa Mtwapa au Mbagala atajibu "hapana" kwa sababu rahisi: mashine hiyo haijawahi kuingia nyumbani kwake. Swali limekufa. Kulifufua kunahitaji kujua kelele gani ni ya kawaida pale mtoto anapoishi: blenda ya muuza juisi, mashine ya kusaga, honi za bodaboda, spika za harusi ya jirani. Lakini hapo pia pana mtego. Spika za harusi humkera mtoto yeyote, hata mtu mzima. Lengo la swali ni kelele ambayo wengine hawaijali na mtoto huyu inamtesa. Ukiweka mfano mkali mno, watoto wengi wasio na usonji watajipatia alama. Kwa hiyo kazi ni kupata sauti inayolingana kwa ukali na kwa mazoea na ile ya mwanzo, na hilo haliwezi kujulikana ukiwa umekaa ofisini na kamusi.

Au swali la 10: mtoto hugeuka akiitwa jina lake? Jina lipi? Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Abdulrahman, mama anamwita Dulla, na bibi yake, kwa utani wa kibibi, anamwita "mume wangu". Mama akiulizwa na mgeni aliyevaa kitambulisho, anaweza kulifikiria lile la kwenye kadi, ambalo mtoto halisikii hata mara moja kwa wiki. Inatosha kuongeza "jina mlilozoea kumwita nyumbani", na tatizo linakwisha. Marekebisho mengi ni madogo hivyo, na makosa mengi pia.

Swali la 8, kuhusu kuvutiwa na watoto wengine, lina ugumu wa aina nyingine. Katika nyumba yenye ua mmoja na watoto saba wa ndugu watatu, mtoto hachagui kuwa na wenzake. Wapo tu. Wanambeba, wanamkalisha katikati ya mchezo wa baba na mama, wanamtilia mchanga kwenye kifuu wakisema ni wali. Mama anayemwona humo kila jioni atasema bila kusita kwamba anacheza na wenzake. Mhojaji mwenye uzoefu ataendelea: "Wenzake wakiondoka, hufanyaje? Huwafuata? Huwatazama? Akipata kitu kizuri, humwonyesha nani?" Majibu ya hapo ndiyo yenye habari.

Kisha kuna mtego wa sarufi. Mwulize mama wa Tanga, "Mtoto hakutazami usoni?" Akijibu "ndiyo", anakubaliana nawe: ndiyo, hanitazami. Kwa Kiingereza anayetaka kusema hivyo hujibu "hapana". Dodoso lililojaa maswali ya kukanusha, na ya msongo wa wazazi yana mengi ya namna hiyo, likiletwa kwa Kiswahili bila kugeuzwa, baadhi ya wazazi watajibu Kiswahili na wengine, hasa waliosoma sana kwa Kiingereza, watajibu Kiingereza kwa maneno ya Kiswahili. Karatasi zikijumlishwa hakuna atakayejua nani alijibu vipi. Dawa yake ni kuandika kila swali kwa umbo la kukubali, au kumtaka mzazi ajibu kwa sentensi nzima.

Hapa naomba nipingane kidogo na wanaosingizia utamaduni kila kitu. Utasikia: "Sisi watoto wetu hawatazami wakubwa usoni, ni adabu, kwa hiyo swali la macho halituhusu." Adabu hiyo ipo, na kwa kijana wa miaka 12 mbele ya mwalimu ni lazima izingatiwe. Lakini mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajafundishwa bado kuinamisha macho, na swali la 14 linamzungumzia anapovalishwa nguo, anapochezeshwa na anapoongeleshwa na mama yake. Huko, popote duniani, watoto wengi huutafuta uso wa mama. Kuonyesha vitu ni hivyohivyo. Watu wazima wengi kwetu huelekeza kwa kubinua midomo, na kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa heshima, ila mtoto mdogo anayetaka kukuonyesha ndege atanyoosha mkono bila kujali. Swali la namna hiyo linaweza kuhitaji maelezo zaidi, halihitaji kufutwa. Anayefuta kila swali linalomkwaza kwa jina la utamaduni anaishia na dodoso ambalo halimkamati mtoto yeyote.

Kazi yenyewe hufanywaje? Tume ya Kimataifa ya Vipimo ina miongozo yake, toleo la pili ni la mwaka 2017, na Shirika la Afya Duniani lina hatua zake. Yote yanafanana kwa kiini. Watu wawili hutafsiri kila mmoja peke yake, kisha matoleo yao hukutanishwa. Mtu mwingine asiyeliona la asili hulirudisha toleo hilo kwenye lugha lilikotoka, njia iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Richard Brislin mwaka 1970. Baadaye kamati ya wataalamu, walimu na wazazi hukaa kulipitia.

Tafsiri rejeshi, yaani hatua hiyo ya kulirudisha toleo kwenye lugha lilikotoka, imesifiwa kupita kiasi. Inakamata makosa ya wazi, lakini tafsiri mbaya ya neno kwa neno huirudisha safi kabisa. Swali kuhusu mwenzi wa ndoa, kwa Kiingereza "partner", likiandikwa "mshirika wako", mrejeshaji ataliandika sawasawa na lilivyokuwa, kamati itapiga tiki, na mama atakayesomewa atadhani anaulizwa mtu anayeuza naye vitenge. Hatua inayokamata kosa hilo ni nyingine na haina teknolojia yoyote. Ni kukaa na akina mama wachache, kusoma swali, kisha kuuliza: "Mama Asha, hapa umeelewa unaulizwa nini? Ulifikiria siku gani ulipojibu? Wewe ungemuuliza shoga yako kwa maneno gani?" Mhojaji aandike majibu yao kama yalivyo. Ningepewa fedha za hatua moja tu, ningeziweka hapo.

Baada ya hapo ndipo takwimu huingia. Mizani ya muuza nyama hata ikiwa mpya kutoka kiwandani hupimwa kwa mawe ya uzito unaojulikana na kugongwa muhuri kabla ya kuuzia watu, na ikihamishwa au kutengenezwa hupimwa tena. Dodoso pia. Je, mzazi yuleyule akiulizwa tena baada ya wiki mbili anatoa majibu yanayokaribiana? Je, watoto wenye alama nyingi ndio kweli wataalamu waliowaona bila kujua alama zao wanasema wana usonji? Je, kuna swali ambalo wazazi wa vijijini hulijibu tofauti na wa mjini hata watoto wao wakiwa na hali ileile? Na kubwa kuliko yote, ile alama ya mpaka, 3 au 8, bado inafaa? Mpaka uliwekwa kwa majibu ya wazazi wa kule. Maswali mawili tu yakiwa yanaeleweka vibaya, mpaka huohuo utawaingiza wasiohusika au kuwaacha nje wanaohusika.

Hapo ndipo namba za nchi zinapoanza kueleweka. Oman, ambako wapo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipata watoto 1.4 wenye usonji kati ya 10,000. Uliochapishwa mwaka 2019 ulipata 20.35 kati ya 10,000. Watoto wa Muscat hawakubadilika ubongo ndani ya miaka hiyo michache. Walioongezeka ni waliofikiwa na kutambuliwa. Korea Kusini, mwaka 2011, watafiti hawakuishia kwenye orodha za hospitali. Waligawa dodoso katika shule za kawaida, wakawaita watoto kwa uchunguzi, na wakapata asilimia 2.64. Wengi wa watoto hao walikuwa wamekaa darasani miaka yote bila mtu kuwatambua. Wazazi wengine huko walikuwa wakiona afadhali mtoto apewe jina la tatizo la mapenzi ya mama na mwana kuliko usonji, kwa sababu usonji ulionekana kuipaka doa damu ya ukoo mzima na kuharibu posa za ndugu zake. Mama alikubali kubeba lawama ili ukoo usalimike. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi hapo.

Na kuhusu ule usemi kwamba ni jambo la Wazungu, mtafiti Victor Lotter alizunguka miji ya nchi kadhaa za Afrika na kuchapisha matokeo mwaka 1978. Aliwakuta watoto wenye usonji. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wenye usonji kutoka Tanzania. Tulikuwa nao siku zote, tukiwaita majina mengine.

Turudi kwenye dodoso la maisha ya familia. Kwa miaka mingi tiba yoyote ya usonji ilipimwa kwa dalili za mtoto pekee: amepunguza kuruka, ameongeza maneno. Wazazi wakasema hilo ni nusu ya habari. Huko Uingereza watafiti wakakaa na wazazi wakatengeneza dodoso lililochapishwa mwaka 2018, AFEQ, lenye maswali 48 kuhusu uzoefu wa kuwa mzazi, maisha ya nyumbani, ukuaji wa mtoto na dalili zake. Kabla yake kulikuwa na PedsQL, kipimo cha ubora wa maisha ya watoto, sehemu yake ya familia yenye maswali 36, na lile la Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, lenye maswali 25 kuhusu ubora wa maisha ya familia. Yote ni mazuri kule yalikotoka.

Lakini familia ni nani? Lile la Kansas linampa mzazi maelekezo: wahesabu wale wanaojiona ni familia yako na wanaosaidiana mara kwa mara, hata kama si ndugu wa damu, na usiwahesabu jamaa wanaojitokeza mara mojamoja. Maelekezo hayo yana busara. Ila mjomba aliyeko Muscat anayetuma fedha za dawa kila mwezi na kufika nyumbani mara moja kwa miaka mitatu, yumo au hayumo? Mama mkwe asiyetoa senti lakini ndiye mwenye uamuzi mtoto apelekwe hospitali au kwa mganga, yumo? Mzazi anayejibu akiwafikiria watu wanne na mwingine akiwafikiria kumi na wanne wanajaza karatasi mbili tofauti zenye kichwa kimoja.

Halafu nani ajibu? Madodoso mengi yanamtarajia mama mzazi. Kwetu mara nyingi anayelala na mtoto, anayejua anakula nini na anaogopa nini, ni bibi au mama mdogo. Mama yuko Nairobi au Dar kikazi. Maswali ya usingizi na chakula aulizwe bibi, na maswali ya ndoa hayawezi kuulizwa bibi. Na yakiulizwa mama, yasiulizwe mama mkwe akiwa amekaa mkekani pembeni anachambua mchele.

Swali moja la PedsQL linataka mzazi aseme ni mara ngapi huamka asubuhi akiwa amechoka. Kwa mama wa mjini Ulaya, uchovu huo unaweza kuelekezwa kwa mtoto aliyeamka usiku kucha. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi maji bombani amechoka, awe na mtoto mwenye usonji au asiwe naye. Alama itapanda na haitatueleza kitu. Watu wa takwimu hulitatua kwa kuwauliza pia majirani wasio na mtoto wa namna hiyo na kulinganisha. Ethiopia walifanya kazi ya aina hii: PedsQL hiyo ya familia iliingizwa katika Kiamhari na kupimwa kwa walezi wa watoto wenye matatizo ya ukuaji na walezi wengine, matokeo yakachapishwa mwaka 2022.

Kipengele kinachonisumbua zaidi ni kuridhika. Lile la Kansas linauliza kila kitu kwa mizani ya ngazi tano, kutoka kutoridhika kabisa hadi kuridhika kabisa. Umeridhika na usafiri wa familia? Na matibabu ya meno? Na msaada mnaopata kwa ajili ya mtoto? Mhojaji ni kijana, amesalimia shikamoo, ameitikiwa marahaba, amepewa maji ya kunywa. Anauliza swali. Mama anajibu: "Tunashukuru, mwanangu." Aandike ngapi? Mama hajasema ameridhika wala hajasema hajaridhika. Amesema kwamba yeye si mtu wa kulalamika mbele ya mgeni, na kwamba anayetoa ni Mungu. Ukimbana achague, atachagua "nimeridhika", na takwimu zitaonyesha familia maskini za pwani zina raha kuliko za Kansas. Ndivyo ilivyo pia ukimuuliza kama ana hofu na maisha ya baadaye ya mtoto: wengine watakwepa kwa sababu kuyataja mabaya ni kuyaita, ni uchuro. Njia inayosaidia ni kuuliza mambo yaliyotokea badala ya hisia. Mwezi uliopita, ni mara ngapi mlishindwa kwenda kliniki kwa kukosa nauli? Je, kuna harusi au msiba hukwenda kwa sababu ya mtoto? Kondakta aliwahi kuwashusha? Hapo shukrani inabaki mahali pake na ukweli unapatikana.

Ngazi za majibu nazo zina matata. "Wakati mwingine", "mara kwa mara" na "mara nyingi" huonekana tofauti kwenye karatasi. Masikioni zinaingiliana. Watafiti wengi huchora glasi tano, kutoka tupu hadi iliyojaa, wakamwambia mlezi aelekeze kidole.

Kurekebisha ni pamoja na kuongeza. Mtafiti Joseph Gona na wenzake walipozungumza na wazazi wa pwani ya Kenya, na kuchapisha kazi zao mwaka 2015 na 2016, walisikia unyanyapaa, ukosefu wa tiba inayofaa, mzigo wa fedha na wa malezi. Walisikia pia habari za pepo, uchawi na laana, na za maombi kama njia ya kujikaza. Dodoso la ng'ambo linaweza kupita yote hayo bila kugusa kwamba mume aliondoka akisema kwao hakuna ugonjwa huo, au kwamba fedha za karo ziliishia kwa waganga watatu. Hayo yasipokuwemo kwenye maswali, ripoti itakayoandikwa itasema hayapo.

Wapo wazazi wanaokataa madodoso ya familia kwa kudhani wanapimwa wao. Hofu hiyo ina historia. Katikati ya karne iliyopita wataalamu wa Marekani waliwalaumu akina mama kwamba ubaridi wao ndio uliosababisha usonji. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe na mtoto mwenye usonji, alipinga nadharia hiyo kwa hoja mwaka 1964, na imeachwa. Maswali ya siku hizi kuhusu uchovu, ndoa na fedha yanatafuta familia inahitaji msaada gani. Mhojaji alitamke hilo mwanzoni, kwa sababu mama aliyeambiwa na wifi zake kwamba amemrithisha mtoto laana ataisikia lawama hata pale isipokuwepo.

Sehemu nyingine za Afrika zimechoka kurekebisha na zimeanza kutengeneza. Malawi ina kipimo chake cha ukuaji wa watoto, MDAT, kilichochapishwa mwaka 2010. Kilifi, pwani ya Kenya, kilitoka kipimo cha ukuaji cha watoto wadogo kilichoundwa na Amina Abubakar na wenzake, kikatumia vitu ambavyo watoto wa hapo wanavijua. Uganda, watafiti walichukua maswali kumi ya ulemavu yaliyokuwa yakitumika tangu miaka ya 1980 huko Bangladesh, Jamaika na Pakistani, wakaongeza 13 yanayolenga usonji, wakapata dodoso la maswali 23, matokeo yake yakatoka mwaka 2014. Vipimo vipya vya Shirika la Afya Duniani vya ukuaji wa mtoto, GSED, viliwahusisha watoto wa Pemba tangu hatua za kuvijaribu. Njia hii ina gharama yake: kipimo cha kwenu peke yenu hakilinganishiki kirahisi na cha wengine. Nadhani kwa usonji tunahitaji vyote viwili, na kwa maisha ya familia tungeanza na chetu.

Hata tukipata toleo zuri la Kiswahili, litakuwa la Kiswahili kipi? Kilichosanifiwa kwa akina mama wa Dar es Salaam kikipelekwa Lubumbashi au Bujumbura, maneno ya kawaida kabisa yatayumba. Kilifi kwenyewe wengi nyumbani wanasema Kigiriama, na Kiswahili ni cha soko na shule. Familia za Wakongo waliohamia Marekani na Kanada hupewa karatasi "ya Kiswahili" na muuguzi asiyejua ilitoka mji gani, na mkalimani wa simu akisoma neno asilolijua hujazia la kwake. Toleo lolote lingepaswa kuja na ukurasa mmoja unaosema lilijaribiwa wapi, kwa walezi wangapi na wa lugha gani nyumbani, maswali yapi yalibadilishwa, na alama ya mpaka ilithibitishwa au imeazimwa tu. Zahanati isiyo na bajeti ya utafiti inaweza angalau kuwaketisha walezi kumi, kuwasomea maswali yote na kuweka alama pale wanapouliza "unamaanisha nini?"